Kufuli Lisilo Lako

Ujumbe uliingia Jumamosi mchana, nikiwa nimelala chali kama kawaida yangu, mapazia yamefungwa.

"Habari mama. Tumepokea simu ya mume wako kwamba umejitoa kwenye utafiti. Tunasikitika, lakini tunaheshimu uamuzi wako. Ugua pole."

Niliusoma tena. Mambo mawili hayakuwa sawa. Kwanza, sikuwa nimejitoa popote. Pili, sina mume.

Niliyekuwa naye aliondoka zamani, binti yetu akiwa bado anatambaa, na sikumkimbilia. Kwa hiyo aliyepiga simu alikuwa mtu mwingine, na nilimjua. Namba ya mtafiti aliyeniandikia ilikuwa kwa mwanamume mmoja tu, kwa sababu yeye ndiye aliyeiingiza kwenye simu yangu siku ambayo vidole vyangu viligoma.

Moyo ulianza kunidunda. Nikajiambia tulia, mama, hasira nayo ni kazi, na leo kazi huna nguvu nayo. Haikusaidia kitu. Nililala pale nikichemka kama sufuria iliyofunikwa.

Nikasikia lifti inapanda. Lifti ya jengo letu ina mlio wake, kama mzee anayeinuka kwenye kiti, na mtu aliyeifufua ndiye aliyekuwa ndani yake. Fundi. Fundi wa lifti. Tulijuana ilipokuwa imekufa. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi na robota la kitambaa mapajani, siwezi kwenda juu wala kurudi chini. Wengine walikuwa wamenipita wakiuliza, "Vipi, una nini?" Yeye aliuliza, "Nikubebe au nikae?" Nikamwambia akae. Akakaa, mikono imejaa grisi, hakuuliza swali la pili mpaka niliposimama mwenyewe. Nilimpenda palepale. Sikungoja kuchumbiwa.

Sasa huyohuyo alifungua mlango kwa ufunguo niliompa, akaingia na mfuko wa machungwa na tabasamu la mtu aliyevunja sahani na kuificha.

"Pazia wangu," alisema. Ndivyo anavyoniita, kwa kazi yangu. "Leo umependeza."

"Lala chini."

Tabasamu likakatika. "Kuna nini?"

"Fundi, lala chini."

Nyumbani kwangu ugomvi una sheria moja: anayetaka kugombana alale kwanza. Mtu akisimama juu yangu inabidi niinue shingo kumtazama, na shingo yangu hainihurumii. Akipaza sauti, sauti inaniingia kichwani kama misumari. Kwa hiyo tunagombana mimi kitandani, yeye kwenye mkeka chini, macho yote darini, sauti za chini. Jaribu na wewe siku moja kumtukana mtu kwa kunong'ona. Inabidi uchague maneno.

Akavua viatu, akavitoa nje ya mlango, akajinyoosha mkekani. Harufu yake ya sabuni na mafuta ya mashine ikapanda mpaka kwenye mto wangu. Siku nyingine harufu hiyo hunifanya niteremshe mkono nitafute kisogo chake. Siku hiyo niliuweka mkono chini ya paja langu, nikaulalia.

"Umempigia mtafiti," nikasema.

"Kakwambia?"

"Kaniandikia. Kasema mume wangu amenitoa. Nikashangaa. Nimeolewa lini? Sherehe ilikuwaje? Nilivaa nini?"

"Pazia, sikiliza..."

"Nasikiliza. Nimelala, sina pa kwenda."

Akavuta pumzi. "Sikuweza. Jumatatu na Jumanne zinakuja, nami nakuona unazingoja kama mtu anayengoja kunyongwa huku anacheka. Unajua watakachokufanya?"

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Nieleze hapa, maana najua kuna anayesoma na kuuliza ugonjwa gani huo. Nilikuwa mshona mapazia. Nilikuwa na cherehani yangu, wateja wangu, mahoteli mawili yaliyokuwa hayamtaki mshonaji mwingine. Ikaja homa, ya kawaida kabisa, ikaondoka na nguvu zangu. Damu ikapimwa, wakasema nzuri. Daktari mmoja akaniambia niolewe. Mwingine akaniambia nitembee kila asubuhi, niongeze kidogo kidogo. Nikatii, nikaongeza, nikaishia kulishwa kwa kijiko na binti yangu. Ndipo nikajua jina lake: ugonjwa wa uchovu sugu. Jina baya. Uchovu ni kitu unachokilala kikaisha. Hiki chetu ukivuka mpaka wake, leo kinakuacha ucheke, kesho kinakuangusha.

Na huo utafiti ulikuwa unatafuta hiyo kesho. Unapanda baiskeli isiyokwenda popote, barakoa usoni, wanapima pumzi yako mpaka ushindwe. Siku ya pili unarudia. Mtu asiye na mazoezi tu, wanasema, siku ya pili hufanya kama ya kwanza. Sisi, wanavyodhani, siku ya pili tunaporomoka, na hilo ndilo wanataka kulihakikisha. "Mdomo unaweza kuigiza," yule mtafiti aliniambia. "Pumzi haiwezi." Maneno hayo niliyangoja tangu niugue.

Wala hatukwenda kama kondoo. Tuna kundi letu kwenye simu, sisi tuliolala, kila mmoja na chumba chake cha giza. Tulibishana na watafiti hao mpaka wakatusikia. Tulidai gari la kutulaza, si la kutukalisha. Tulidai chumba kisicho na mwanga wala redio. Tulidai wasioweza kukanyaga pedali wafuatwe makwao wakachukuliwe damu tu. Mimi ndiye niliyetunga hayo madai, nikiandika sentensi moja, nalala, nyingine, nalala. Halafu mtu anapiga simu moja akiwa kazini, bisibisi mkononi, ananifuta.

"Nilikuona baada ya mahafali ya binti yako," Fundi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Ulikaa kwenye kiti saa chache tu, ukapiga makofi. Ukarudi hapa ukashindwa hata kutafuna. Nilikuwa nakuosha nywele kwa maji ya uvuguvugu, machozi yananitoka, na wewe huwezi hata kufumbua macho ukaona. Sasa unataka uende kwa makusudi? Wakuangushe kwa kupenda?"

"Ndiyo."

"Na usipoinuka?"

"Nitakuwa nimelala. Ni jambo nililozoea."

"Usifanye mzaha!"

"Sauti."

Akaishusha. "Nakupenda, ndiyo kosa langu. Nihukumu."

Nikageuza kichwa kidogo, nikamwona. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kope zimelowa. Ni mwanamume mzuri, siwezi kudanganya, hata akiwa mjinga. Ningeweza kumsamehe hapo nikamaliza. Lakini nilimkumbuka mwenzetu wa kundini ambaye ndugu zake walimpenda vilevile, wakamtoa kitandani kwa nguvu wakamkimbiza uwanjani ili apone. Sasa analishwa kwa mrija. Wote waliomfanyia vile walikuwa wanampenda.

"Fundi, nikuulize jambo la kazi yako."

"Uliza."

"Ukiingia kwenye shimo la lifti kutengeneza, unafanya nini kwanza?"

Hakuelewa ninakokwenda, akajibu kama anavyowajibu wanafunzi wake. "Nakata umeme. Kwenye swichi naweka kufuli langu, lenye jina langu. Ufunguo unakaa mfukoni mwangu."

"Mkiwa wawili?"

"Kila mtu na kufuli lake. Swichi haiwaki mpaka yote yatoke."

"Mwenzako akiona unachelewa? Akiona jua linazama, watu wa jengo wanalalamika, yeye anajua lifti imeshapona, anaweza kuondoa kufuli lako?"

"Hawezi! Anafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kufuli la mtu halitolewi na mwingine, hata bosi. Kama uko ndani shimoni huko..."



"Endelea," nikasema.

Akageuza uso ukutani.

"Mimi ndiye niliye shimoni, Fundi. Mwili ni wangu. Kufuli nimeweka mwenyewe, nina akili zangu timamu. Hata kwa kunihurumia, nani amekuambia ulitoe?"

Mkono wake ulipanda ukashika ukingo wa godoro, karibu na bega langu, haukunigusa. "Sikuliona hivyo," alisema.

"Ndiyo maana naumia. Madaktari wamenipitia juu ya kichwa miaka yote hii, wakazungumza na kaka yangu, na binti yangu, na ukuta. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuuliza 'nikubebe au nikae.' Sasa umenibeba bila kuuliza."

Alifungua mdomo kujibu, na mlango ukagongwa. Kugongwa ni kusema tu. Ulipigwa.

"Najua umo humo!" sauti ya mwanamke ilisema. "Viatu vyako nimeviona mlangoni!"

Fundi alikauka kama ukuni. "Mama," alinong'ona.

Mama yake sikuwahi kumwona, ila nilimjua kwa sifa. Watu wanamwita Mama Magodoro, kwa duka lake la magodoro. Anauza magodoro na anawachukia wanaolala. Mara mbili alinialika chakula mezani kwake, mara mbili nilishindwa kufika, na mara ya pili nilimsikia kwenye simu ya mwanawe akisema, "Huyo maigizo yake akamwigizie mwingine." Mlango haukuwa umefungwa. Akaingia.

Alisimama katikati ya chumba, mwanamke mnene, mkoba kwapani, akatutazama. Mimi juu, mwanawe chini, wote chali, mapazia yamefungwa, jua la mchana liko nje.

"Makubwa haya," alisema. "Mwanangu, nimekuja kuuliza swali moja tu. Lifti gani hii inayoharibika kila Jumamosi?"

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Sikucheka, kwa sababu alimalizia:

"Si uliniambia mmeachana?"

Neno hilo lilianguka chumbani likakaa. Nikageuza kichwa polepole. Fundi hakunitazama.

"Umesema tumeachana?" nikauliza.

"Nilitaka tu... nilitaka amani. Mpaka upate nafuu, halafu..."

"Halafu uniokote?" Nilihisi masikio yanawaka. "Ngoja niweke sawa, maana kichwa changu ni kizito. Kwa watafiti wewe ni mume wangu. Kwa mama yako mimi ni lifti mbovu. Pale pa kuniamulia, unajiita mume. Pale pa kusimama nami, hujulikani."

"Kwa watafiti amejiita nani?" Mama Magodoro akauliza.

"Muulize mwenyewe, mama. Mwanao huyo."

"Wewe! Inuka hapo chini unijibu!"

Nilijua ataruka. Mwanamume huyu amenyanyua injini za lifti, lakini mama yake akikohoa anasimama wima. Nilimwona akikunja goti. Nikafumba macho nisione, maana akiinuka tu, nilikuwa nimeshaamua: ufunguo wangu auache juu ya meza, machungwa aondoke nayo.

Mkeka haukulia.

"Siinuki, mama," alisema. Sauti yake ilitoka chini, kutoka sakafuni. "Humu ndani anayegombana analala. Na bado nagombana. Nilikudanganya. Hatujaachana. Kila Jumamosi niko hapa, nafua, napika, nashusha pindo la pazia akinielekeza. Lifti iko salama. Niliogopa mdomo wako, basi."

"Mdomo wangu!"

"Ndiyo, mama. Na wao nimewadanganya pia. Nilijiita mume wake nikamtoa kwenye utafiti bila kumuuliza."

Mama Magodoro akanigeukia mimi. Sikutegemea atafute pa kuanzia, na hakutafuta. "Utafiti upi? Huo wa baiskeli ambao dada yake huyu alinisimulia? Kwa hiyo nguvu za kupanda baiskeli ya madaktari unazo, za kukaa mezani kwangu huna?"

"Zinatoka mfuko mmoja, mama. Nikija kwako siwezi kwenda kule."

"Ukachagua kule."

"Nilichagua kule." Nilikuwa nimeanza kuishiwa sauti, nikaipunguza zaidi, ikabidi ainame kunisikia. "Shikamoo yako nilikuwa nimeiweka, kwa siku ya nafuu. Lakini nikikuuliza, mama, nijibu kweli. Ningekuja kwako, nikaanguka mbele ya wageni wako, ungesema nini?"

Alihamishia mkoba kwapa la pili.

"Ungesema maigizo. Nilikusikia. Kule nikianguka, wanaandika. Wanapima. Hawaniulizi kama nina wazimu. Siku yatakapotoka majibu, mwanamke kama wewe atasoma na kujua kwamba mkwewe si mvivu. Si lazima awe mkwe wako. Yeyote."

Alisimama na mkoba wake. Sitasema macho yake yalilainika, hayakulainika. Alikuwa mtu aliyekuja na kesi moja akaikuta ya pili, na ya pili ilikuwa ya mwanawe. Akamtazama pale chini.

"Umejiita mume wa mtu kwa watu baki," alimwambia, "na mimi niliyekuzaa ukaniambia habari za lifti. Sijui nikupige kwa lipi."

"Kwa yote, mama."

"Nyamaza."

"Fundi," nikasema, "piga simu. Weka spika."

Akaichukua simu, bado amelala, akapiga. Mtafiti alipokea, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya watu wakisogeza viti.

"Mimi ndiye niliyepiga juzi," Fundi alisema. "Niliyesema ni mume. Si mume. Sikuwa na ruhusa yake. Hakujitoa. Nilimtoa mimi kwa sababu ya woga wangu, na naomba radhi."

Mtafiti akajibu kwa sauti kavu: "Nashukuru kwa kusema. Kosa ni letu pia, tulipaswa kumuuliza mwenyewe. Nahitaji kusikia kutoka kwake."

Fundi akainua simu juu mpaka kwenye mdomo wangu. Nikakusanya sauti iliyobaki.

"Nipo. Jumatatu nakuja."

"Una uhakika? Unajua unaweza kuzidiwa. Na unaweza kujitoa wakati wowote, hata ukiwa juu ya baiskeli."

"Najua. Nikitaka kujitoa nitajitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mtu mwingine yeyote akipiga, akijiita hata baba yangu, kateni."

Nikasikia mtafiti anacheka kidogo. Fundi chini alishusha pumzi. Aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli akatoa ufunguo mdogo wa kufuli lake la kazi, akauweka kitandani kando ya mkono wangu, kimya, kama mtu anayeweka maua. Ilikuwa ishara nzuri. Nikausukuma ukamwangukia kifuani.

"Sitaki ufunguo wako," nilimwambia. "Nataka usiguse wangu."

Mama Magodoro alitoa sauti puani. Sijui kama ilikuwa dharau au kitu kingine. Alikuwa amekuja mpaka ukingo wa kitanda, na mkono wake, kwa mazoea ya biashara, ulikuwa unabonyeza godoro langu.

"Limekufa katikati," alisema. Akabonyeza tena, mbali kidogo. "Na huku nako. Mtu wa kulala mchana na usiku, analalia kitu kama hiki? Mgongo utabaki kweli?"

"Halo?" mtafiti aliita. "Jambo la mwisho. Tunahitaji mtu wa kupigiwa simu ukizidiwa. Niandike nani?"

Fundi alikodoa macho. Hakusema neno, na kwa hilo peke yake nilimpa nusu ya alama. Alinitazama kutoka kule chini kama alivyonitazama siku ile ya ngazi, akingoja niseme nibebwe au akae.

"Andika fundi wa lifti," nikasema. "Namba yake ndiyo hii."

"Na uhusiano wenu?"

Mama yake aliacha kubonyeza godoro.

"Hapo acha wazi," nikasema. "Nitakujazia Jumanne, nikishuka kwenye baiskeli. Kama nitakuwa bado nina sauti, na kama yeye atakuwa bado yuko nje ya mlango, amekaa, hajagusa kitu."